Siku Moja Berlin kwa Miguu, Bila Ratiba

Mtu akipata siku moja ya ghafla mjini Berlin, labda mkutano umeisha mapema au treni yake ni ya kesho, hukimbilia simu na kuorodhesha vivutio kumi na vitano. Hapo ndipo siku inapoharibika. Berlin ni jiji lililotanuka, mitaa yake ni mirefu, na vitu viwili vinavyoonekana majirani kwenye ramani huachana kwa dakika arobaini za mwendo. Orodha itakurusha huku na huku, na ikifika saa nane mchana miguu imegoma na hujaona hata nusu.

Badala ya orodha, chagua mstari mmoja. Mstari huo ufuatane na njia ya tramu au treni, ili popote utakapochoka au mvua itakapokukuta, kituo kiwe karibu. Ukiwa na mstari kama huo huhitaji kupanga saa. Unasimama panapokuvutia, unapita haraka pasipokugusa, na ukiamua imetosha unapanda chombo na kurudi.

Tunaopendekeza ni huu. Anza kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof, ufuate Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi Nordbahnhof. Ingia Bernauer Straße, kisha shuka kulia kwa Brunnenstraße hadi Rosenthaler Platz, endelea Hackescher Markt, vuka kwenda Kisiwa cha Makumbusho, halafu geuka magharibi ufuate Unter den Linden hadi Lango la Brandenburg, na urudi Hauptbahnhof kwa kupitia bungeni. Kwenye ramani ni kama kilomita tisa au kumi. Ukijumlisha kuzunguka ndani ya makumbusho na kwenye nyua, miguu itafanya kama kumi na tatu. Sehemu ya kwanza inaambatana na tramu M10, ya pili iko juu ya treni ya chini ya ardhi U8, na ya mwisho juu ya U5, inayokwenda moja kwa moja hadi Hauptbahnhof. Ndiyo sababu ya kuanzia na kuishia hapo, na tena mizigo unaweza kuifungia kwenye makabati ya kituo.

Mambo ya kuamua kabla ya kutoka

La kwanza ni kuba la kioo juu ya bunge, Reichstag. Kupanda ni bure, lakini lazima ujiandikishe. Wakati wa chai ya asubuhi angalia tovuti ya bunge, Bundestag, kama kuna nafasi ya jioni. Ikiwa hakuna, nenda mwenyewe kwenye dirisha la huduma lililo Scheidemannstraße, kando ya jengo la bunge, ukaulize nafasi zilizobaki. Usajili wa hapo hufanyika angalau saa mbili kabla ya kupanda, kwa hiyo anayefika kwenye foleni jioni akitaka kupanda papo hapo hurudishwa. Kutoka Hauptbahnhof ni mwendo wa dakika 15, basi pitia hapo kwanza, uchukue nafasi ya saa kumi na mbili na nusu jioni au baadaye, kisha uanze mstari wako. Beba pasipoti yenyewe. Picha ya pasipoti kwenye simu haitakuvusha mlangoni.

La pili ni siku ya juma. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, ikiwemo ya viumbe hai tutakayoitaja hapa chini na nyumba ya maelezo ya Ukuta wa Berlin. Humboldt Forum hufungwa Jumanne. Jumapili makumbusho yako wazi, lakini maduka yote ya kawaida yamefungwa, isipokuwa yale ya ndani ya vituo vikubwa vya treni. Ukihitaji maji, soksi au plasta Jumapili, nunua Hauptbahnhof kabla ya kutoka, maana njiani utabaki na vibanda vidogo vya mtaani, na bei zake ni za juu.

La tatu ni jua. Mwezi Desemba giza huingia saa kumi jioni. Mwezi Juni mwanga hudumu hadi saa tatu na nusu usiku. Mstari huu umepangwa makusudi hivi: sehemu inayohitaji mwanga, yaani mabaki ya Ukuta, iko mwanzoni, na Unter den Linden, inayopendeza kwa taa, iko mwishoni. Usiugeuze wakati wa baridi.

Tiketi, kwa kifupi. Mstari wote uko kanda ya nauli A. Tiketi ya kawaida ya kanda A na B inagharimu karibu yuro 4 na hudumu saa mbili kuelekea upande mmoja, hairuhusu kurudi ulikotoka. Tiketi ya saa 24 ni kama yuro 11, kwa hiyo inalipa ukifikia safari ya tatu. Ikiwa utapanda mara moja kuja na mara moja kurudi hotelini, nunua mbili za kawaida. Ipo pia tiketi ya safari fupi, Kurzstrecke: vituo vitatu vya treni, au sita vya tramu au basi. Ndiyo ya kumwokoa aliyechoka katikati ya njia. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Asiyegonga huhesabiwa kuwa hana tiketi, na faini ni yuro 60. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na kusema “mimi ni mgeni” hakusaidii kitu.

Miguu, njia na mwili

Vaa raba ulizokwishazizoea, zenye soli nene. Njia za miguu za Berlin zina mabamba makubwa ya mawe katikati na vijiwe vidogo vya mraba pembeni. Tembea katikati, juu ya mabamba, kwani vijiwe huchosha kifundo cha mguu bila mtu kujua mpaka jioni. Lakini angalia na ule utepe laini, mara nyingi mwekundu, unaopita juu ya njia hiyo hiyo ya miguu: ni wa baiskeli. Waendesha baiskeli huja kasi na hawapunguzi, na mgeni aliyesimama juu yake kupiga picha ndiye anayegongwa. Kwenye taa za kuvukia, kijimtu kikiwa chekundu subiri hata kama hakuna gari. Kuvuka ni kosa lenye faini, na wenyeji wenye watoto watakukemea hadharani.

Ukihisi joto sehemu moja ya kisigino, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisubiri hadi lengelenge litoke, siku imekwisha.

Maji ya bomba yanafaa kunywa, kwa hiyo beba chupa ya kujaza tena. Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli kuna mabomba ya umma barabarani, lakini wakati wa baridi hufungwa yasigande. Chupa ya dukani huongezwa amana, mara nyingi senti 25. Unarudishiwa ukiiingiza kwenye mashine ya supamaketi. Kama huna muda, iache chini kando ya pipa la taka, wapo wanaozikusanya kwa riziki. Baadhi ya vyoo vya mtaani hulipiwa senti 50, vya vituo vya treni zaidi, basi tumia vya kila makumbusho unayoingia. Weka sarafu za yuro 1 na 2 mfukoni, zinahitajika pia kwenye makabati ya makumbusho ambako begi la mgongoni haliruhusiwi ndani.

Kutoka Hauptbahnhof hadi Nordbahnhof

Baada ya kilomita moja ya Invalidenstraße utafika namba 43, Museum für Naturkunde. Hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi (9:30), na Jumamosi na Jumapili saa nne (10:00). Kama leo utaingia makumbusho moja tu kwa tiketi, iwe hii, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna haja ya kujadili. Ukumbi wa kwanza umesimamisha mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa mirefu kuliko yote iliyounganishwa na kusimamishwa duniani. Ilitoka Tendaguru, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, mamia ya wafanyakazi Waafrika waliichimbua wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, wakaifunga na kuibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilisafirishwa hivyo. Usiharakishe hapa. Kwanza rudi nyuma hadi mlangoni ili umwone mzima, na utaona miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake umeinamia mkiani. Kisha sogea usome maelezo ya uchimbaji, na tazama viumbe wengine wa Tendaguru waliomzunguka. Mpe saa moja na robo, si zaidi. Jengo ni kubwa, na atakayetaka kumaliza vyumba vyote atatoka mchana akiwa hoi, na mstari haujaanza.

Endelea mashariki mita kama 800 hadi Nordbahnhof. Shuka ndani ya kituo cha S-Bahn, treni za mjini, hata kama hupandi. Kuna maonyesho ya bure ya vituo vilivyofungwa wakati jiji limegawanyika, treni za Magharibi zikipita chini ya Mashariki bila kusimama huku askari wakilinda majukwaa matupu. Dakika kumi zinatosha, na zitakufanya uelewe yatakayofuata juu.

Bernauer Straße

Watu wengi huona Ukuta pale Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, penye msongamano na biashara ya picha, wakaondoka bila kujua ulifanya kazi namna gani. Bernauer Straße ndipo mahali pa kuuelewa. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. Katika mtaa huu nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Milango ikazibwa, watu wakaruka madirishani, wengine wakafa. Baadaye nyumba zikabomolewa, pakawekwa ukanda wa mauti wenye minara, taa na ukuta wa pili.

Eneo lote la ukumbusho lina urefu wa kilomita 1.4, liko wazi na ni bure. Anza upande wa Nordbahnhof na utembee ndani ya nyasi, si barabarani, kwa sababu nguzo za chuma zenye kutu huonyesha Ukuta ulikopita, na alama za chini huonyesha mahandaki na misingi ya nyumba. Kwenye namba 111 panda juu ya mnara wa nyumba ya maelezo. Kutoka pale unatazama chini kwenye kipande pekee kilichobaki na tabaka zake zote: ukuta wa mbele, ukanda, mnara, ukuta wa nyuma. Ndipo mtu anapotambua kwamba haukuwa ukuta mmoja. Ukifika Jumatatu mnara umefungwa, na utalazimika kuchungulia kwenye nafasi kati ya mabamba ya ukuta wa nyuma.

Mbele kidogo kuna Kanisa la Upatanisho. La zamani lilinaswa ndani ya ukanda na serikali ya Mashariki ikalilipua mwaka 1985. Kikanisa cha sasa, cha mwaka 2000, kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, na ndani ya udongo huo vimo vipande vya kanisa lililobomolewa. Gusa ukuta uone. Nje pameoteshwa shamba dogo la nafaka ya rai.

Toa saa moja na nusu kwa mtaa huu. Kama baridi ni kali, tramu M10 inapita ubavuni wako muda wote.

Brunnenstraße 193

Pinda kulia Brunnenstraße ushuke kuelekea Rosenthaler Platz. Unatafuta namba 193, na hapa wageni wengi hupotea, kwa kuwa mitaa mingi ya zamani ya Berlin huhesabiwa kwa mzunguko: namba hupanda upande mmoja hadi mwisho wa mtaa, kisha hurudi zikiendelea upande wa pili. Namba 193 iko karibu na mwisho wa chini, mkono wako wa kulia. Mbele ya nyumba tazama chini kwenye mawe: kuna kibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili kwa Wajerumani na kuigiza katika filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, alikofia tarehe 24 Novemba 1944.

Simama pembeni ya kibamba unaposoma ili usiwazibie watu njia. Shaba ikiwa imefifia, kuipangusa kwa kitambaa kikavu ni jambo la heshima, na wenyeji hufanya hivyo.

Rosenthaler Platz iko hatua chache tu, na ndipo mahali pazuri pa chakula cha mchana kwenye mstari huu. Kuna doneri, falafeli na mikate ya aina nyingi. Asiyekula nguruwe ajue kwamba Currywurst, soseji yenye mchuzi wa kari, kwa kawaida ni ya nguruwe, hata kama muuzaji hataji. Maduka mengi ya doneri ya Waturuki hutumia kuku au ng’ombe na hubandika alama ya halali dirishani, lakini uliza. Beba noti ndogo, vibanda kadhaa havipokei kadi. Kaa chini kabisa, nusu saa. Anayekula akitembea hapa ndiye anayetafuta kiti kila baada ya mita mia alasiri.

Kuelekea katikati ya jiji

Shuka Rosenthaler Straße. Karibu na Hackescher Markt, upande wako wa kulia, ingia Hackesche Höfe, nyua nane zilizounganishwa, zilizofunguliwa mwaka 1906. Ua wa kwanza una vigae vya rangi na ndio watu huishia. Wewe pita hadi za nyuma zenye miti na ukimya, kisha toka.

Dakika kumi baadaye uko Lustgarten, uwanja wa nyasi mbele ya kanisa kuu la Berliner Dom. Hapa kishawishi ni kikubwa, makumbusho matano kisiwani. Kataa. Pergamon, mojawapo ya hayo matano, imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, na hayo mengine kila moja linahitaji nusu siku yake. Kwa siku ya miguu inatosha kukaa kwenye nyasi, kuangalia majengo kwa nje, kisha kuvuka barabara kuingia Humboldt Forum, kasri lililojengwa upya. Kuingia ndani ya jengo ni bure, vyoo vipo, na wakati wa mvua pana joto. Mwenye nguvu anaweza kupanda kwenye mikusanyo ya Makumbusho ya Ethnolojia. Mkusanyo huo una vitu vingi vya kutoka Tanzania, vingine vilivyotekwa katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907.

Kutoka hapa hadi Lango la Brandenburg ni kilomita 1.5 iliyonyooka. Vituo viwili vifupi vinastahili. Neue Wache, upande wa kulia, ni chumba kitupu chenye sanamu moja ya Käthe Kollwitz, mama na mwanawe aliyekufa, chini ya tundu la paa lililo wazi, kwa hiyo mvua na theluji huwaangukia. Mbele yake kidogo, ng’ambo ya barabara, ni Bebelplatz, ambako vitabu vilichomwa tarehe 10 Mei 1933. Tafuta kioo kilichozamishwa sakafuni katikati ya uwanja. Chini yake ni rafu nyeupe zisizo na kitabu hata kimoja. Mchana wa jua kioo huakisi anga na huoni kitu, basi kitie kivuli kwa mwili wako au koti. Ukichoka, shuka U5 kituo cha Museumsinsel, na utazame dari lake la nyota hata kama unaondoka.

Baada ya Lango, lililomalizika mwaka 1791, geuka kushoto kuelekea Ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, mabamba 2,711 ya zege. Ingia katikati, ambako ardhi hushuka na zege hupanda juu ya kichwa. Usipande wala kukaa juu yake kwa picha. Kisha fuata Hannah-Arendt-Straße hadi Wilhelmstraße, pinda kulia, na uteremke hadi namba 92. Kasri la Bismarck, chansela wa Ujerumani wakati huo, halipo tena, yapo magorofa ya makazi na bango la ukumbusho tu, ndiyo maana watalii hawafiki. Lakini hapa, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ulikaa Mkutano wa Berlin, wa mataifa yaliyokuwa yakigombea Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Kaisari alimpa mkoloni Carl Peters hati ya ulinzi iliyofungua njia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kutoka Lango na kurudi ni dakika 30 hivi. Punguza kitu kingine, si hiki.

Kumalizia

Fika bungeni dakika 20 kabla ya saa uliyopewa, kwa ajili ya ukaguzi. Juu ya kuba, chukua kifaa cha sauti cha bure, kinaanza chenyewe unapopanda na kukutajia majengo unayoyaona. Kuba likifungwa kwa usafi au upepo, paa la nje mara nyingi hubaki wazi.

Kutoka hapo vuka mto Spree kwa daraja la miguu, na Hauptbahnhof iko dakika 15 mbele. Ukiona huwezi, U5 kituo cha Bundestag ni kituo kimoja tu, tiketi ya safari fupi inatosha. Anayekwenda uwanja wa ndege usiku huo anunue tiketi ya kanda A, B na C, kwa sababu BER iko kanda C, na ile ya saa 24 ya A na B inahitaji kuongezewa ya ziada kabla ya kupanda treni.